Mama Zake Shamsa

"Jina la mwanao usilitaje mbele ya yule mwanamke," alisema Hina, ameegemeza viwiko juu ya ua wa mbao. "Nakwambia kama dada yako. Yule anampelekea farasi majina ya watu."

Miska alikuwa akianika nguo za mtoto nyuma ya nyumba, akilivizia jua la London kabla halijabadili nia. Zahra, binti yake wa miezi saba, alikuwa mgongoni, amefungwa kanga. Hina, jirani yao, alizaliwa Mombasa, akaletwa Harrow na wazazi wake angali msichana. Mengi ya huko aliyasahau, lakini Kiswahili chake hakikuingia kutu, na kilizidi kung'ara kilipofika kwenye habari za watu.

"Farasi gani tena, Hina?"

"Kule juu, kwenye mazizi ya Sunny, Ajay wangu anakojifunza kupanda. Jumamosi nimesimama nyuma ya mlango, namngoja mtoto avue kofia. Namwona Bi Mwanabaraka wenu ameshika sikio la yule farasi mweupe, amelitia mdomo, anataja. Rayya! Zuwena! Nasra! Wadha! Majina ya wanawake watupu. Sasa niambie: Nasra, mke wa muuza nyama, si aliteguka mguu wiki ile ile?"

"Labda aliteleza."

"Kuteleza watu wote wanateleza. Lakini si wote waliotajwa kwanza." Hina akashusha sauti. "Na kwao ni wapi? Pemba. Haya, mimi nimenyamaza."

Hakunyamaza. Kabla ya magharibi habari ilikuwa imezunguka mtaa mzima.

Miska alicheka mbele ya Hina, lakini cheko halikushuka moyoni. Yeye ni mtu wa Unguja, na Unguja mtoto hukua akisikia kwamba Mpemba ukimkosea usilale bila kisomo. Na Bi Mwanabaraka hakuwa mtu wa mbali. Alikaa chumba cha chini katika nyumba ile ile ambayo Miska na mumewe Abdulwakil walipanga juu. Jioni hiyo walikutana mlangoni. Bi Mwanabaraka alikuwa anatoka kazini kwake, baibui juu, buti za mpira chini. Udi umetangulia, harufu ya majani makavu ikafuata. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, umri umeshapita sabini, lakini shingo yake ilisimama kama mtu aliyeitwa kwa jina lake kamili.

"Mashaallah, mashaallah," alisema, akamtazama mtoto bila kumgusa. "Anaitwa nani mwanetu?"

Ulimi wa Miska ukaruka wenyewe. "Tunamwita Kidoti."

Bi Mwanabaraka alitabasamu kidogo tu. "Kidoti. Haya. Akue." Akafungua mlango wake akaingia.

Miska alipanda ngazi masikio yakimwaka moto. Mtoto hana hata alama usoni.

*

Mwezi haukupita, Sunny akatafuta mtu wa kusafisha: ofisi yake, vyoo, na chumba cha matandiko, asubuhi za katikati ya wiki. Sunny ni Mhindi wa Kisumu, mtu mnene, mkarimu, mwenye kelele. Aliuza maduka akanunua mazizi yale juu ya kilima cha Harrow Weald, kwa sababu alipenda farasi tangu utotoni na hakujaaliwa kuwa mwembamba wa kutosha kuwapanda. Alisema mtoto anaweza kuja na mama yake. Kwa Miska, aliyeishia darasa la saba na ambaye kila kazi ya mji ule ilimdai Kiingereza kirefu, nafasi kama hiyo hairudishwi kwa ajili ya maneno ya uani. Akaenda, roho nusu.

Hapo ndipo alipomwona Shamsa.

Farasi wengine wa pale walikuwa wanene, wapole, wenye miguu ya manyoya, kila mmoja anatazama ndoo yake. Shamsa alitazama watu. Alikuwa mweupe wa maziwa, uso wake umebonyea kidogo chini ya macho kama kifuu cha nazi, pua zimefunguka pana, na mkia ukiinuka akitembea kama kwamba kuna mtu nyuma yake wa kuubeba. Kuzunguka macho ngozi ilikuwa nyeusi tii. Ungesema amepakwa wanja wa harusi. Naye alikuwa mja mzito, tumbo limeshuka.

"Nywele nyeupe, ngozi nyeusi," alisema Bi Mwanabaraka siku ya kwanza, bila kugeuka, huku anampiga brashi. "Jangwa halitaki mchezo. Nywele zirudishe jua, ngozi ilizuie linalopenya. Sogea, mwanangu, mpe mkono akunuse. Usimwendee kwa kichwa kama polisi. Njoo kwa bega."

Miska akaenda kwa bega. Pumzi ya moto ikampita shingoni, ikamfikia Zahra mgongoni, na farasi yule mkubwa akasimama kimya, masikio yote mawili yamemwelekea mtoto.

"Umeona?" Bi Mwanabaraka alisema kwa fahari, utadhani yeye ndiye aliyenusa. "Wazee wake walilala hemani na watu. Usiku wa baridi Bedui alimwingiza jike lake ndani, watoto wakalala katikati ya miguu yake, naye hainui ukwato mpaka asubuhi. Vitani walipanda majike, si madume. Dume likinusa farasi wa adui hulia, likawafichua. Jike hujua kunyamaza panapostahili. Wakikosa majani, walimpa tende na maziwa ya ngamia. Alikula alichokula mwenye nyumba, na siku ya shida alikimbia mpaka moyo upasuke. Lakini mtie lijamu kwa nguvu uone. Atakutii. Atakutii, na hatakusamehe."

Kisha alitoa tende mfukoni, kokwa ameshazitoa nyumbani kwa kidole gumba, akamlisha moja moja. Akalishika sikio la Shamsa, akainamia.

Miska alisimama na fagio lake. Alitaka kukimbia, lakini hakuondoka. Mama wa mtoto mchanga hujifunza kusikiliza kupita anavyojifunza kusema, na yeye akasikiliza. *Shamsa binti Rayya. Rayya binti Zuwena. Zuwena binti Nasra. Nasra binti Wadha. Wadha binti Jamra...* Majina yakaendelea, yakashuka kama mtu ashukaye ngazi za kisima, mpaka la mwisho: *binti Kuheila wa Ajuza*.

Siku iliyofuata akasikiliza tena. Na iliyofuata. Majina ni yale yale, kwa mpangilio ule ule. La mke wa muuza nyama lilikuwa mahali pake hata mguu ulipopona. Na jina la Hina halikuwamo.

Basi siku moja, kitambaa cha kufutia mkononi, aliuliza. "Bibi, hawa ni kina nani?"

"Mama zake," Bi Mwanabaraka alisema, akishangaa kwamba kuna mtu hajui. "Sisi watu tunahesabiwa kwa baba. Farasi asili wa Kiarabu huhesabiwa kwa mama. Ukimuuliza Bedui jike lake ni la nani, hakutajii baba. Atakupa mama, na mama wa mama, na kizazi cha mama huyo kina jina lake. Hawakuandika. Mtu alikitaja mbele ya mashahidi, na uongo katika hilo ulikuwa aibu kuliko wizi."

"Na huyo wa mwisho, wa Ajuza?"

Bi Mwanabaraka akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na Miska akajua hadithi inakuja.

"Watu walikuwa wanakimbia adui. Jike mmoja akashikwa na uchungu njiani. Akazaa kitoto cha kike, na mwenye farasi hakuwa na nafasi ya kungoja. Akampanda mama mtu, akaendelea, kitoto akakiacha mchangani kife. Jioni wanatua mizigo, wanatazama nyuma: kile kitoto hicho hapo! Cha siku moja, kimefuata nyayo za mama yake mchana kutwa jangwani. Wakakosa la kusema. Wakampa ajuza mmoja akilee, maana wenye nguvu walikuwa na kazi nyingine. Kikakua, kikawashinda farasi wote, na kizazi chake kikaitwa kwa ajuza yule mpaka leo. Hakikuitwa kwa sheikh wala kwa shujaa. Kwa ajuza." Akagonga kifua chake kwa kidole. "Nami nimelea katika kizazi hicho."

*

Mambo yake mengine Miska aliyaokota vipande vipande, sakafu kwa sakafu.

Bi Mwanabaraka alizaliwa Wete. Alipelekwa Oman na shangazi yake akiwa kigori, miaka ile watu walipokuwa wakitawanyika, akawekwa jikoni katika nyumba kubwa yenye farasi. Siku moja alitumwa kumpelekea kahawa mama wa mwenye nyumba, Bi Thuwaiba, mzee aliyekuwa akishinda na majike yake kuliko na wakwe zake. Alipoinama kumimina, farasi mmoja akamwekea kidevu begani, akakiacha hapo. Bi Thuwaiba akasema, "Kaa. Umechaguliwa." Wajukuu zake wa damu walitaka magari. Msichana wa jikoni kutoka Pemba ndiye aliyekalishwa chini na sinia la mchele. Achague mchele na ataje majina, na akikosea moja aanze upya kutoka juu. Katika nyumba ile kila kitoto kilipozaliwa, mtaja majina alikinong'oneza sikioni kabla hakijasimama, kijue kimetoka wapi. Kazi hiyo Bi Thuwaiba alimwachia yeye.

Kisha farasi waliletwa Uingereza, naye pamoja nao. Mwenye nyumba akafa, warithi wakauza. Kitoto kimoja hawakukiuza. Walijua marehemu Bi Thuwaiba, bibi yao, angewatokea ndotoni. "Huyu ni wako," walimwambia. Ndiye Shamsa. Kwa ajili yake Bi Mwanabaraka aliogesha na kuvisha wazee wa watu miaka mingi katika nyumba za kulelea, na kwa Sunny akapata zizi kwa kufanya kazi.

"Hukuolewa, bibi?"

"Niliolewa. Mume akaniambia, mimi au farasi. Nikamwambia, farasi hajapata kunitaka nichague." Akacheka mpaka akakohoa.

Harusini, kwenye kumbi zile za karibu na Edgware Road, wanawake huulizana: wewe wa nani, mama wa nani? Yeye hana wa kumtaja. Huwekwa meza ya pembeni. Miska aliwahi kumwona huko kabla hajamjua, amekaa peke yake na sahani yake ya biriani, shingo ile ile, kama mgeni rasmi aliyekosewa kiti na asiyetaka kuwaaibisha wenyeji.

"Wengine waliokuwa wakiyajua majina wamekufa," alimwambia Miska siku moja, mkono juu ya tumbo la Shamsa. "Nimebaki mimi na huyu, na huyu hasemi. Kitoto hiki kikizaliwa na nisiwepo, Miska, kitakuwa farasi mzuri tu. Farasi wazuri wako tele."

*

Jumamosi moja Sunny alimwita Bi Mwanabaraka nje ya zizi. Miska alikuwa ameombwa kuja siku hiyo nje ya zamu yake, akasikia yote.

"Mama, mimi naheshimu wewe sana," Sunny alianza, na anayeanza hivyo ana habari mbaya. "Lakini wazazi wananipigia simu. Wanasema unasema maneno kwa farasi, watoto wanaogopa. Sasa wewe pumzika kidogo. Hii maneno ikipoa, utarudi."

"Shamsa amefika, Sunny. Ni siku yoyote."

"Daktari wa wanyama atakuja. Ni daktari mzuri sana."

"Najua ni mzuri. Daktari atamtoa mtoto. Nani atamwambia mtoto yeye ni nani?"

Sunny alimtazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomuumiza. Bi Mwanabaraka aliweka brashi juu ya ukuta, akajipangusa majani, akaondoka kwa mwendo wake wa kila siku. Nyuma yake Shamsa alilia, sauti ndefu, mara moja, kisha akageukia ukuta.

Jioni Miska alishuka na mkate wa kumimina. Alimkuta amekaa dirishani, sahani ya tende mbele yake, kokwa zimetolewa zote.

"Si umweleze Sunny, bibi? Akijua maana ya yale majina..."

"Mimi si mshtakiwa, mwanangu." Sauti haikupanda. "Aliyenifukuza anajua ninapokaa. Mimi sijaiba, sijaloga, sitakwenda kusimama mlangoni kwa mtu na kusema mimi si mchawi. Bora nife na majina yangu yote."

Lakini mkono ulikuwa ukiisukuma sahani ya tende mbele na kuirudisha, na Miska akauona. Usiku mzima Zahra alinyonya akalala. Mama yake hakulala.

Asubuhi ya zamu yake alipita chini, akaichukua ile sahani ya tende bila kuulizwa wala kuuliza, akapanda basi.

Shamsa hakuwa amegusa majani. Alikuwa akizunguka, jasho shingoni. Miska akaenda kwa bega. Alipoinama akaona chuchu zimevimba, na kwenye ncha kila moja ina tone limeganda kama nta ya mshumaa. Hakuhitaji kufundishwa hilo. Kifua chake mwenyewe kilimjibu.

Alikwenda ofisini kwa Sunny, fagio bado mkononi.

"Anazaa leo," alisema. "Na Bi Mwanabaraka halogi mtu. Anataja mama zake Shamsa. Mama, na mama wa mama, mpaka mwanzo. Ni ukoo wake ule. Hakuna aliyeuandika, uko kichwani mwake tu, na kitoto kikizaliwa bila yeye ndiyo umekatika."

Sunny, simu sikioni, tayari alikuwa anamngoja daktari ajibu. Akashusha simu.

"Kwa babu yangu, Gujarat," alisema polepole, "alikuwa anakuja mtu. Baba alinipeleka kule nikiwa mdogo, nilimwona. Anakaa kwa veranda, anapewa chakula kwanza, halafu anataja. Babu, baba ya babu, yote mpaka juu. Bibi yangu analia. Mimi nilifikiri anaimba." Akajikuna kichwa. "Lakini yeye anataja baba tu. Mama hakuna hata moja."

"Huku ni mama tu."

"Mama tu," Sunny alirudia, kama mtu anayeonja kitu. "Basi mpigie simu aje haraka."

"Hatakuja kwa simu," Miska alisema, na sauti aliyoisikia hakuijua, ingawa ilitoka kwake. "Ulimtoa kwa mdomo wako. Nenda kamwite kwa mdomo wako."

Sunny alichukua funguo za gari, Miska akamfuata.

Bi Mwanabaraka alifungua mlango kabla ya hodi ya pili. Alikuwa amevaa buti. Miska alizitazama, zimefutwa zikang'aa, na akaelewa kwamba zimekuwa miguuni tangu alfajiri.

"Mama, mimi nimekosa sana," Sunny alianza, mikono kifuani, "mimi sikujua, mimi nilisikiliza watu..."

"Radhi nimekupa. Washa gari."

Hina alikuwa tayari ameshatoka uani na viatu vya ndani. "Mnaenda wapi? Farasi? Basi naja. Nataka nisikie kwa masikio yangu kama nimo."

*

Farasi wengi huchagua giza kuzaa. Shamsa alizaa mchana kweupe, mvua ndogo ikinyesha juu ya bati, mbele ya watu. "Mama zake walizaa mahemani," alisema Bi Mwanabaraka, amepiga magoti kichwani kwake. "Atuogopee nini?" Daktari, mwanamke Mwingereza mpole, alisimama na glavu zake, akaona hana la kufanya, akatabasamu. Zikatoka kwato mbili ndogo, kisha pua, kisha yote yakamwagika pamoja juu ya majani: kitoto cha kike, cheusi kama buni iliyokaangwa.

"Mweusi!" Hina alilalamika. "Na mama yake mweupe hivi?"

"Huzaliwa weusi. Weupe wanaupata kwa umri, kama sisi."

Bi Mwanabaraka akakishika kisikio kilicholowa. "Wewe ni binti Shamsa. Shamsa binti Rayya. Rayya binti Zuwena. Zuwena binti Nasra..."

"Nasra!" Hina alinong'ona kwa nguvu.

"Nasra huyu, Hina, alikufa Oman wewe hujazaliwa."

"Na mimi simo?"

"Ukitaka kuingia humu, kwanza ota mkia."

Sunny alicheka mpaka akashika mlango, na Hina naye akacheka, mkono mdomoni, macho yameanza kulowa bila yeye kutaka. Bi Mwanabaraka akarudi kwenye kisikio. "Nasra binti Wadha. Wadha... Wadha binti..."

Akasita. Midomo ilitafuta, haikupata. Machozi ndiyo yaliyofunga njia, si kusahau. Lakini kitoto kilikuwa tayari kinakunja miguu kutaka kusimama.

"Jamra," Miska alisema. "Wadha binti Jamra."

Bi Mwanabaraka aliinua uso. Akamtazama yule mama kijana aliyesimama na fagio, mtoto mgongoni. Kisha akashuka ngazi zilizobaki, jina kwa jina, sauti imesimama wima, mpaka kwa Kuheila wa Ajuza. Kitoto kikasimama, kikaanguka, kikasimama. Shamsa akakilamba.

"Nimekipa mama zake wote," Bi Mwanabaraka alisema. "Chenyewe hakina jina bado. Sogea, mwanangu. Piga magoti hapa, kwa bega, ndivyo." Alingoja mpaka Miska alipokuwa karibu kiasi cha kusikia pumzi za kitoto. "Najua mwanao haitwi Kidoti. Nilijua pale pale mlangoni, wala sikukasirika, mama hulinda. Leo nakuomba. Niambie jina lake la kweli, nimpe huyu, ili atakayekuja kutaja baada yangu aanzie na jina ambalo hatalisahau."